Daktari Jairus Ogada na Ushuhuda Usiomalizika

Wazazi, watumishi wa Mungu, majirani wa Roret, wageni mliotoka Nyakach kabla ya jua, na nyinyi wa Silibwet mliokwama kwenye matope mkashuka kusukuma gari ili mfike, familia ya Daktari Jairus Ogada inawaomba mkae na kusikiliza, kwa maana mengi yamesemwa juu yake sokoni, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai na kwenye simu, na leo, kabla udongo haujamfunika, maisha yake yatasomwa kama yalivyokuwa.

Kuzaliwa

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1971 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai nje ya mji wa Kericho, mtoto wa tatu wa marehemu Lazarus Ogada, mchuna majani aliyetoka Nyakach kutafuta kazi, na Mama Eucabeth Adoyo, ambaye ameketi hapa mbele. Siku hiyo trekta iliyobeba majani ilipinduka kwenye kona chini ya nyumba hizo, ikawalalia wachunaji waliokuwa wamekaa juu ya magunia, na wakunga waliokuwa na Mama Eucabeth wakatoka mbio kwenda kuvuta watu chini ya chuma, naye akajifungua peke yake huku akisikia vilio nje. Mkunga wa kwanza aliporudi alikuwa na damu ya watu wengine mpaka kwenye viwiko, akanyoosha mikono apokee mtoto, akasema mtoto huyu amekuja siku mbaya kweli, na Mama Eucabeth anakumbuka kwamba alimjibu, "Siku mbaya ni yako, wewe nawa kwanza."

Masomo

Alianza shule ya msingi ya shambani mwaka wa 1978, akamaliza mwaka wa 1985 akiwa wa kwanza katika darasa lake, akaingia shule ya upili mwezi wa Februari 1986. Tarehe 3 Juni 1988, akiwa kidato cha tatu, aliitwa kutoka darasani, kwa maana baba yake, aliyekuwa amehamishwa kutoka shambani hadi kiwandani, alivutwa mkono na mashine ya kusaga majani, na kwa kuwa gari la kubeba wagonjwa lilikuwa limepeleka mkubwa mmoja mjini, alitokwa na damu juu ya sakafu yenye majani mabichi mpaka akakata roho, akiwa amezungukwa na watu waliompenda ambao hawakujua mahali pa kumfunga. Jairus alipofika alimuuliza kila mtu aliyekuwepo kwa nini hakukaza nguo juu ya kiwiko, nao wakamwambia hawakujua, wakalia, naye akaacha kuwauliza, akaingia chuo kikuu Nairobi mwaka wa 1991 kusomea udaktari, akahitimu tarehe 5 Desemba 1997.

Ndoa na watoto

Akiwa daktari kijana katika hospitali ya serikali huko Bomet, alikutana na Mwalimu Joan Chepkemboi wa Silibwet, aliyefundisha watoto wa chekechea na kuongoza kwaya, akampenda, na watu wa pande zote mbili wakamuuliza kila mmoja kama amekosa mtu wa kwao. Siku ya kupeleka barua ya uchumba shangazi ya Joan alitaka kujua kama huyu mtu wa ziwani anaweza hata kukama, Jairus akavua koti la suti akaingia zizini, ng'ombe akampiga teke la goti, akatoka akichechemea na kikombe chenye maziwa kidogo sana, na shangazi akasema, "Haya, mchukue, hata kama maziwa ni ya chai moja, hajakimbia." Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 2000, wakajaliwa watoto wawili, Lazarus, aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 2001 na sasa anafanya kazi Nakuru, na Beverly, aliyezaliwa tarehe 18 Novemba 2007, ambaye aliacha shule akiwa kidato cha tatu ili amuuguze baba yake.

Mwezi wa Januari 2008, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi, Daktari alikuwa amehamishiwa hospitali ya Kericho na familia ilikuwa imepanga nyumba Kapsoit, na vijana wenye mishale na petroli walipita wakiuliza nyumba za wageni, wakafika kwenye geti hilo. Mama Joan alikuwa ndani na mtoto wa wiki chache mgongoni, mume wake akiwa amesimama nyuma ya mlango na kisu cha jikoni ambacho alijua hatakitumia, na Mama Joan hakulia wala hakuomba, alifungua mlango akaanza pambio, lile lile alilokuwa amewafundisha wengi wa vijana hao katika shule ya Jumapili, akapiga makofi, akaimba kwa sauti yake yote, na kijana mmoja wa nyuma akaitikia bila kujua, kwa mazoea tu, kisha mwingine akaitikia, na mishale ikashuka. Aliyekuwa mbele alitazama chini akasema, "Basi, Mwalimu, funga mlango," wakaenda nyumba iliyofuata, na hiyo iliungua na mzee wake ndani. Tangu siku hiyo Mama Joan aliamini kwamba wimbo unaweza kumfunika mtu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia si kweli, kwa maana mume wake alikuwa hai.

Asubuhi iliyofuata Daktari alisindikizwa mpaka hospitali, akakaa huko juma zima akitoa mishale kwenye mapaja na vifua, akishona vichwa vilivyopasuliwa kwa panga, wa kabila hili na wa kabila lile kwenye vitanda vilivyogusana, na mgonjwa mmoja alipokataa kulala karibu na mwenziwe, Daktari alimwambia, "Sawa, kitanda kingine kiko nje kwenye mvua, chagua."

Kazi

Tarehe 1 Machi 2011 alifungua kliniki yake hapa Roret, na wengi mlio hapa mmewahi kukaa kwenye lile benchi lake la kijani. Alikuwa mtu wa kueleza, hakuweza kukupa kidonge bila kukwambia kinaenda wapi mwilini na kitakuudhi vipi, hata akina mama wakalalamika kwamba ukienda na kikohozi unarudi na darasa.

Mwezi wa Agosti 2023 Mama Phelis, mchuna majani wa upande wa chini wa soko, alimletea binti yake Chepngeno, aliyekuwa na miaka saba na kifafa kilichokuwa kikimwangusha asubuhi na jioni, ameshapewa dawa za hospitali za kila aina, meno ya mbele yamevunjika kwa kuanguka, na ulimi umejaa makovu. Daktari alisoma, akawapigia simu mabingwa wa Nairobi, akabadilisha dawa, kifafa hakikusikia, na ndipo akamweleza mama huyo kwamba katika nchi nyingine watoto wa namna hii hupewa mafuta yanayotolewa kwenye mmea wa bangi, yaliyopimwa, yasiyolevya kama ile inayovutwa vichochoroni, na wengine husaidika na wengine hawasaidiki, akamweleza pia kwamba sheria yetu inakataza bangi, kwamba yeye hana ruhusa ya kumpa wala kumuuzia, na kwamba amewaandikia mabingwa kuuliza kama ruhusa inaweza kupatikana. Joan alipomuuliza jioni kwa nini hakunyamaza tu, alimwambia kwamba mama akiuliza kama kuna kitu kingine duniani cha kumsaidia mtoto wake, na daktari anakijua, akisema hakuna, huyo amedanganya mgonjwa.

Ruhusa haikuja, lakini dada yake Phelis, anayefanya kazi ya kutunza wazee ng'ambo, alituma chupa moja ya mafuta hayo, na Phelis akaenda nayo kliniki akiwa ameifunga kwenye kanga. Daktari angeweza kumfukuza, lakini alimwambia, "Ukienda kumpa hii bila mtu wa kukuangalia unaweza kumuua, kaa chini," akampimia kiasi, akamwonya asiache vidonge vya hospitali, akaandika yote waziwazi kwenye kadi ya mtoto, na hakupokea malipo yoyote. Kifafa kikapungua, Chepngeno akaanza kupitisha siku nzima bila kuanguka, halafu juma, akaanza kuruka kamba.

Jumapili ya tarehe 7 Julai 2024 Phelis alikwenda kanisani na kuku wa shukrani. Mnajua desturi yetu, ushuhuda hautolewi nusu, mtu akishukuru ataje ugonjwa, ataje siku, ataje aliyetumwa na Mungu, na Phelis alishika maikrofoni akasema, "Bwana asifiwe, mnamjua Chepngeno alivyokuwa akianguka hata hapa kanisani, leo anacheza, na Mungu alimtumia Daktari Ogada, aliniambia kuna mafuta inatoka kwa bangi," na kanisa zima likavuta pumzi. Mama Joan alikuwa kwenye kwaya, akamwona Mzee Johana, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kituo cha majani, akiinua kichwa polepole, na kila mtu alijua kwamba kijana wa Johana alikuwa mvutaji wa bangi, kwamba alichanganyikiwa akakimbilia barabarani mbele ya lori la majani akafa mbele ya baba yake. Mama Joan akafanya lile alilojua, lile lililomwokoa mume wake Kapsoit, akaanza pambio kwa sauti yake yote, ngoma zikaingia, kinanda kikaingia, na Phelis aliyekuwa bado anasema alidhani kanisa linafurahi pamoja naye, akacheza kidogo, akaweka kuku wake mbele, akarudi kukaa. Kwa hiyo kanisa lilisikia bangi na jina la Daktari, na halikusikia kwamba aliambiwa sheria inakataza, kwamba Daktari hakuuza wala kugawa, kwamba si ya kuvuta, kwamba vidonge havikuachwa, kwa maana hayo yote yalikuwa yanakuja nyuma, na yaliimbiwa juu yake.

Jumatatu asubuhi, watu wakisubiri lori kwenye kituo cha majani, habari ilianza kwamba Daktari anaandikia watoto bangi, ilipotoka kituoni ikawa anaiuza, na ilipofika sokoni ikawa ameipanda nyuma ya kliniki. Ulikuwa mwezi wa kupogoa chai, kila mwanaume alikuwa na panga lililonolewa asubuhi hiyo kwa ajili ya miti migumu ya majani, na saa sita mchana walifika kliniki wakiwa kundi, Johana mbele. Ndani kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga na mzee mmoja aliyewekewa maji ya mshipa, Daktari akamtoa mama kwa mlango wa nyuma, akaja mbele, akasema, "Ingieni mtafute, lakini huyo mzee ana sindano mkononi, msimguse." Waliingia, wakavunja rafu, wakakanyaga chupa, wakang'oa hata mihogo nyuma ya nyumba wakitafuta bangi, hawakupata jani, na kutopata kukawaongezea hasira. Johana akamshika ukosi, analia, akamuuliza, "Ulimwambia huyo mama habari ya bangi ama hukumwambia? Hii ndiyo iliua kijana wangu!" na Daktari angeweza kusema hapana, kulikuwa na watu pale ambao wangefurahi aseme hapana ili waende nyumbani, lakini alisema, "Johana, kijana wako nilimlilia pamoja nawe. Nilimwambia mama ukweli, na mwingine akiniuliza kesho nitamwambia."

Panga la kwanza alilikinga kwa mkono wa kulia, likafika mfupa. La pili lilikata vidole viwili vya mkono huo huo, mkono wa kushonea. Walimvuta kwa koti lake mpaka barabarani, wakampiga mateke ya mbavu, mtu akachukua jiwe la ukingo wa mtaro akampiga nalo juu ya sikio, na sauti ya jiwe hilo, wanasema waliokuwa ng'ambo ya barabara, ilisikika mpaka dukani. Phelis alifika akikimbia kutoka shambani na kikapu bado mgongoni, akajitupa katikati, akapiga kelele kwamba hakusema yote, kwamba bado kuna maneno, na mwanaume mmoja akamsukuma akamwambia, "Nyamaza, mama, si ni wewe ulisema kanisani?" naye akajibu kwa sauti ambayo Roret haitaisahau, "Sikumaliza! Wacheni nimalize!" na hakuna aliyemngoja.

Askari walipofika walimchukua Daktari, hawakuchukua mtu mwingine. Alipasuliwa kichwa hospitalini, na aliporudiwa na fahamu alikuta mkono wake wa kushoto umefungwa pingu kwenye kitanda, chupa ya Chepngeno imechukuliwa kuwa ushahidi, na kibali chake cha kutibu kimesimamishwa mpaka asikilizwe, na hakuwahi kusikilizwa. Madaktari wenzake walipiga simu, na familia haisemi hawakupiga, lakini walinong'ona, wakauliza kama kuna mtu mwingine kwenye laini, wakasema wako pamoja naye rohoni. Siku ya kesi ya kwanza, benchi walilotengewa madaktari hao lilikuwa tupu, akakaa Mama Eucabeth peke yake na mkoba wake.

Ugonjwa na kifo

Tarehe 16 Novemba 2024, akiwa nyumbani kwa dhamana, mezani akinywa chai, marehemu alianguka na kutupa mikono na miguu, kwa maana kovu la lile jiwe lilikuwa limemletea kifafa. Alikijua kwa jina na kwa tabia, akamfundisha Beverly kumlaza ubavu na kutomwekea kitu mdomoni, na kilimjia tena na tena, kikamvunja bega, kikamtupa kwenye ngazi. Vidonge vilibadilishwa, havikushika. Mwezi wa Januari, Daktari Nyabuto, waliyesoma naye na kulala chumba kimoja chuoni, alikuja kumwona, na Jairus akamuuliza kama mgonjwa anavyomuuliza daktari, kuna kitu kingine unachokijua cha kunisaidia, na Nyabuto akatazama mlango, akasema, "Rafiki yangu, mimi nina watoto," akamwandikia vidonge vile vile, na Jairus akacheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Sasa hapa unanitibu mimi ama unajitibu wewe?" Familia inasema jambo hili kwa idhini ya Daktari Nyabuto mwenyewe, ambaye alikuja juzi akaomba lisifichwe.

Juma hilo hilo Mama Joan alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia mume wake kwamba ni sauti yake iliyomuua, naye akamshika kwa ule mkono wenye vidole vitatu akasema, "Ulikuwa unanifunika, Joan, kama Kapsoit. Lakini siku nyingine mwache mtu amalize." Tarehe 11 Machi 2025 alishikwa na kifafa kisichoachilia, kikamshika mpaka hospitali Kericho, na huko, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka hamsini na mitatu. Aliomba azikwe hapa Roret, na wazee wa Nyakach, baada ya kubishana naye akiwa hai na kushindwa, wamekubali.

Shukrani

Familia inawashukuru madaktari wa upasuaji na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyekuwa akisukuma pamba chini ya pingu ili isimkate, inawashukuru majirani waliokama ng'ombe na kuchuna majani ya shamba hili miezi yote, na mama mwenye mtoto mchanga aliyesimama kortini akasema aliyoyaona. Mzee Johana ameketi pale nyuma, hajafukuzwa, kijana wake alikuwa kijana wetu, na yale ya korti yatamalizwa kortini. Chepngeno yuko hapa, mkono wake umefungwa kwa sababu mafuta yalichukuliwa na askari, kifafa kikarudi, akaanguka kwenye jiko, na mama yake amezunguka kliniki tatu ambako kila daktari, akisikia jina la mtoto, anaangalia mlango.

Kongoi, tunawashukuru pia nyinyi madaktari mliokuja leo, makoti meupe ni mengi hapa kuliko siku yoyote aliyokuwa hai. Marehemu hakuwaomba mkubaliane naye juu ya mafuta, aliwaomba daktari asipigwe wala kufungwa kwa kumjibu mgonjwa ukweli, na kama akipigwa asiwe peke yake. Kwa hiyo familia inaomba mtu mmoja aje hapa mbele, na nyinyi mnaojua yale aliyoyajua mje msimame karibu naye, mtu aone nyuso zenu. Daktari Nyabuto ameshasimama.

Mama Joan ameomba kwaya ikae chini, na mpiga kinanda aondoe mikono.

Lala sasa, Daktari, umechoka. Hakuna atakayeimba juu ya maneno haya. Mama Phelis, maikrofoni ni hii, malizia.